Ireland Kaskazini: azimio la wabunge wa Marekani lilisimama juu ya biashara

Azimio la bunge halilazimishi serikali ya inchi ingine. Hata hivyo, lile la Marekani juu ya Ireland Kaskazini lilisikilizwa London.

Mapatano ya Belfast, ya tarehe 10 Aprili 1998, yalimaliza miaka karibu 30 ya machafuko yaliyoua watu zaidi ya 3.500. Uingereza ilipoamua kutoka katika Umoja wa Ulaya, watu waliogopa vizuizi kurudi kwenye mpaka wa Ireland mbili. Desemba 2019, baraza la wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuunga mkono mapatano hayo. Seneti ilifuata mwaka 2021.

London ilikuwa inatafuta mkataba wa biashara na Washington. Spika Nancy Pelosi alikwisha kuonya: mapatano yakiharibiwa, bunge halitapitisha mkataba huo. Azimio halikuwa sababu pekee, lakini mpaka ungali wazi.

Kinshasa na Kigali walitia sahihi mapatano yao Washington tarehe 27 Juni 2025. Kwa Wakongomani, swali ni moja: bunge gani la nje linashika kitu ambacho mvunjaji wa mapatano hawezi kukikosa?