Bei ya kahawa imepanda, mbona butura haifi Rubya?

Rubya, wilayani Muleba, kuna watu wa kipato cha mwezi na watu wa kipato cha mwaka. Wa mwezi ni wauguzi na madaktari wa hospitali, walimu, na wafanyakazi wa seminari ile aliyosoma Kardinali Laurean Rugambwa. Wa mwaka ni wenye vibanja vya migomba na kahawa. Hawa fedha ya maana wanaishika mara moja tu, msimu wa kahawa unapofunguliwa kuanzia Mei hivi.

Shida iko hapo.

Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali ilifutwa, sawa, lakini sare na madaftari bado vinanunuliwa. Mtoto akilazwa Februari, kahawa iko mtini, mbichi. Ndipo anapotokea jamaa mwenye fedha taslimu. Hiyo ndiyo butura: kuuza kahawa ikiwa bado maua au punje changa, kwa bei anayoitaja mnunuzi.

Tupige hesabu ya mfano. Mtu ana shida ya Sh100,000. Anaahidi kilo 100 za kahawa ya maganda, yaani Sh1,000 kwa kilo. Msimu ukifika, mnadani kilo inauzwa Sh4,000. Kilo 25 zingetosha kumaliza shida yake. Yeye ametoa 100, na jasho la palizi ni lake.

Septemba 2024 robusta, ambayo ndiyo kahawa kubwa ya Kagera, ilivuka dola 5,000 kwa tani katika soko la London. Huku nyumbani minada ya vyama vya msingi, AMCOS, ikafanya bei isikike hadharani. Ungedhani butura ingekufa yenyewe. Lakini bei ikipanda, anayefaidi zaidi ni yule aliyenunua maua kwa bei ya chini, kwa hiyo hamu yake ya kukopesha inaongezeka. Serikali imepiga marufuku biashara hii na viongozi wa mkoa wameikemea mara nyingi. Marufuku haimletei mtu fedha Februari.

Zamani kidogo ndizi ndizo zilizoziba pengo hilo. Mkungu unakatwa mwezi wowote: mmoja wa kula, mmoja wa kupeleka gulioni. Kisha ukaja mnyauko wa migomba, ambao Tanzania uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, tena Muleba hii hii. Kaya iliyong'oa migomba yake ilipoteza chakula, na pia ile fedha ndogo ndogo ya kila wiki. Ukitaka kujua kwa nini watu wanauza maua, anzia kwenye mgomba.

Halafu kuna swali ambalo mikutano mingi inalikwepa: nani anayeuza hayo maua? Kwa mila za Wahaya kahawa ni zao la mwanaume. Mke anaweza kupalilia, kuchuma na kuanika, halafu siku ya kupima ndiyo anagundua kuwa mzigo una mwenyewe tangu Machi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kesi iliyoanzia Kashasha, wilaya hii hii, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanaume. Ilikuwa hukumu kubwa. Ila ilihusu ardhi. Maua yanauzwa kwa mdomo, jioni, bila karatasi.

Na hiyo ndiyo nguvu ya mwenye butura. Hana fomu, hasubiri kikao cha bodi wala msimu kufunguliwa. Anagongewa mlango saa tatu usiku na anatoa Sh50,000 hapo hapo. AMCOS ina jina la mkulima, inajua msimu uliopita alileta kilo ngapi, na ndiyo inayopokea mzigo wake. Dhamana ya kumkopesha Sh50,000 ya Februari tayari imo kwenye daftari lake.