Mbwa Wangu Anafanyiwa Fizio, Kwani Iko Nini?

Wacha nianze na swali ambalo nimeulizwa hadi nimelichoka: "Manze, na kuna watu wanalala njaa?"

Keateka wa ploti aliniuliza siku aliponipata kwenye korido, taulo nimeipitisha chini ya tumbo la mbwa, nimemwinua nyuma kama mtu aliyebeba kiondo, tunatembea hatua moja baada ya nyingine. Binamu zangu waliniuliza kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, baada ya dada yangu mdogo kutuma video yangu nikiwa sakafuni saa mbili usiku, nakunja na kukunjua mguu wa mbwa huku nikihesabu. Vikaragosi vya kucheka vikajaa. Mmoja akaandika, "Huyu ameomoka."

Sijaomoka. Kodi ya mwezi huo nililipa nusu.

Ndazi ni mbwa wa kawaida tu wa Umoja, rangi ya mandazi iliyokaa kwa mafuta kupita kiasi. Mwaka jana bodaboda ilimgonga hapo nje ya geti. Mbele anatembea, nyuma anajiburuta. Daktari wa mifugo alimpiga picha, akaona mifupa ya mgongo haijavunjika wala kuteguka. Kisha akachukua koleo na kubana kidole cha mguu wa nyuma. Mguu ulijivuta. Nikashangilia. Akaniambia nisubiri kwanza, mguu unaweza kujivuta wenyewe hata kama ubongo hauna habari. Akabana tena, kwa nguvu zaidi. Ndazi akageuza kichwa, akalia, akataka kumuuma. Hapo ndipo daktari alipotabasamu. Maumivu yamefika kichwani, akasema, kwa hivyo njia haijakatika kabisa.

Akanipa mambo mawili nichague: sindano ya mwisho, au kazi. Nilipochagua kazi, alikaa nami chini nusu saa nzima. Alishika mikono yangu akanionyesha.

Sasa nikuambie hiyo "anasa" ilikuwa nini. Wiki za kwanza, Ndazi alikaa ndani ya kizimba kidogo, hakuna kurukaruka, ili uti wa mgongo upumzike. Kila saa nne nilimgeuza ubavu, kwa sababu anayelala upande mmoja ngozi yake huoza palipo na mfupa. Kila saa sita hivi nilimkamua mkojo kwa kubonyeza tumbo taratibu, kwa sababu kibofu kikijaa bila kutolewa huleta maambukizi. Daktari aliporuhusu, tukaanza viungo: kifundo, goti, nyonga, kila kimoja mara kumi, asubuhi na jioni, kwa sababu msuli usiotumika hunywea haraka na kiungo hukakamaa. Halafu kusimama kwa taulo, sekunde chache, kesho zaidi kidogo. Taili za nyumba zetu hizi zinateleza, kwa hivyo nilitandika mikeka ya Gikomba kutoka jikoni hadi mlangoni.

Taulo la zamani. Mikeka. Chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Mikono miwili. Dawa za maumivu zilikuwa za daktari, kwa sababu ibuprofen ya watu inaweza kumuua mbwa, na paracetamol ndiyo mbaya zaidi kwa paka. Hiyo ndiyo fizio ya nyumbani. Ndiyo, kuna nchi ambako mbwa hutembezwa kwenye mashine iliyojaa maji, na hata hapa Nairobi kuna watu watakaokuuzia huduma hii kama vile wanauza spa. Hao wanatuharibia jina. Wamefanya watu waamini kwamba kumkunja mnyama goti ni mambo ya Karen na Runda, na kwamba ukionekana ukiyafanya Umoja, basi unajifanya.

Najua nyinyi wasomaji mtaniuliza lile swali lingine, la chini chini: kwani mbwa asiyetembea ana kazi gani? Kwa wengi wetu mbwa ni kengele yenye mkia. Analala nje, anakula mabaki, anabweka. Siku asipoweza kubweka, au kukimbiza mwizi, hesabu yake imefungwa. Mimi sina ugomvi na mbwa wa kulinda. Ugomvi wangu ni na hiyo hesabu, kwa sababu haiishii kwa mbwa. Tunayo misemo mizuri sana, "hujafa hujaumbika," tunaisema mtu akianza kutembelea magongo, halafu tunampangisha orofa ya nne isiyo na lifti.

Sasa turudi kwa wanaolala njaa, maana hapo ndipo damu yangu huchemka.

Shangazi yangu ndiye aliyenipiga kabisa. Hakuandika kwenye kikundi. Alinipigia simu, sauti ya chini: "Shosho yako hukumgeuza hivyo."

Ni kweli. Shosho alipata kiharusi mimi nikiwa chuo. Hospitali ilimtibu wiki tatu, ikamruhusu, ikatupa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyekaa nasi chini. Tukamlaza kitanda cha kona, chali, tukamfunika blanketi zuri, tukamwombea. Tulidhani kumwacha atulie ndiyo heshima. Mkono wake wa kushoto ukajikunja hadi vidole vikafunga kama ngumi, na hatukujua kwamba ulipaswa kukunjuliwa kila siku. Mgongoni, chini kabisa, kukatoka kidonda. Tulipokiona kilikuwa kikubwa kuliko kiganja changu. Mtu asiyejiweza kitandani hugeuzwa kila saa mbili hivi. Hilo nilikuja kulijua miaka mingi baadaye, nikisoma kuhusu mbwa.

Kwa hivyo shangazi, uko sahihi, na sikukujibu siku ile kwa sababu nilikuwa nalia. Jibu langu ni hili. Sikumnyima shosho ili nimpe Ndazi. Sote tulimnyima shosho, mimi, wewe na hao binamu wa vikaragosi, kwa sababu hatukufundishwa, na kwa sababu kumuuguza tuliyaachia mama na msichana wa kazi, wawili waliokuwa wamechoka kupita kuona. "Watu kwanza" ni maneno mazuri mdomoni mwa mtu aliyewahi kumgeuza mtu. Wengi wanaonirushia hawajawahi kumgeuza yeyote, mwenye miguu miwili wala minne.

Sisemi kila mbwa aokolewe. Kuna maumivu yasiyotulizwa, na hapo sindano ni huruma. Wala sisemi uchukue video mtandaoni uanze kuvutavuta miguu, kwa sababu mgongo uliovunjika ukiuchezea utaumaliza. Kwanza daktari. Lakini nakataa hii kasi yetu ya kusema "si mmalize tu," inayotamkwa kabla hata mtu hajabana kidole kuona kama kichwa kitageuka.

Ndazi sasa anatembea. Anayumba nyuma kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na kwenye taili bado anaanguka. Hatawahi kumkimbiza mwizi. Keateka, ambaye alinicheka kuliko wote, siku hizi humfungulia geti na kumsubiri apite, pole pole.

Nataka kitu kimoja tu, na sikitaki kwa ajili ya mbwa. Mbwa wangu alipotoka kliniki, mtu aliyesomea kazi yake alinipa nusu saa na kunifundisha mikono. Shosho yangu alipotoka hospitali, tulipewa karatasi. Nataka kila familia inayopewa mgonjwa asiyeweza kujigeuza ipewe nusu saa hiyo kabla ya gari kuondoka: mshike hapa, mgeuze hivi, mkunjue vidole, angalia ngozi mahali hapa. Nusu saa. Haihitaji mashine wala pesa za mfadhili.

Na kama nyumbani kwenu kuna mtu amelala chali tangu asubuhi, funga simu hii uende umwangalie mgongo. Utarudi kunicheka baadaye.