Msumari Usibebeshwe Kichanja

Wakulima wengi wa skimu hufika ofisini kuuliza habari za mbegu na mbolea. Ni wachache waulizao jinsi mti unavyokutana na mti. Nami sikuwa na habari nalo, mpaka kichanja cha mipesheni nyuma ya nyumba ninayokaa hapa Tononoka kilipoanguka usiku mmoja wa masika, mipesheni ikang'oka pamoja na maua yake. Nguzo zilikuwa nzima. Miamba ya juu nayo nzima. Iliyokatika ni misumari. Fundi alikuwa ameubandika mwamba ubavuni mwa nguzo na kuugongomea misumari miwili, na hewa ya chumvi ya kisiwa hiki ikaila mle ndani pasipo mtu kuona.

Kwa maoni yangu kosa si la msumari, bali la kazi uliyopewa. Mzigo na ulale juu ya mti. Msumari uzuie tu mti usisogee. Wazee wa pwani waliojenga nyumba za udongo na makuti walijua sana jambo hili. Walitafuta nguzo yenye panda, mtambaapanya ukalala ndani ya panda, ndipo ukafungwa kwa kamba.

Ndugu mkulima wa Mtwapa au Shimba Hills, mivinje yako hukua wima na panda ni shida kupata. Basi chonga kichwa cha nguzo kiwe na bonde la kuulaza mwamba. Ikiwa ni mbao ya msumeno ya inchi 4, ondoa inchi 2 upande mmoja, libaki bega la kuukalisha.

Mafundi hodari hupenda ulimi na tundu. Kwa mlango ni kazi njema kabisa. Kwa kichanja kinachonyeshewa siipendi, kwa maana tundu hushika maji na ulimi huoza.

Mwamba ukiwa mfupi, uungwe juu ya nguzo, usiungwe hewani katikati ya nguzo mbili. Na fito zichongwe kidogo upande wa chini zipate kukaa. Mwamba wenyewe usichimbwe, kwani kila pengo huupunguzia nguvu.

Jirani yangu asema hiyo ni taabu nyingi kwa ajili ya matunda ya watoto. Lakini mpesheni hulelewa miezi mingi kabla ya kuzaa, na kuchonga nguzo nne ni kazi ya asubuhi moja. Nimekwisha panda miche mingine. Nguzo nimezichonga mwenyewe, na bega moja limekwenda upande, kwa kuwa patasi niliyoazima ilikuwa butu.