Mikutano ya Dunia Ipitie Kwanza Kilwa



Kila mwaka wajumbe wa mataifa hukusanyika katika miji mbalimbali ya dunia kuzungumzia sheria zinazoyaunganisha mataifa na tamaduni za watu wake. Wengi wetu huiona mikutano hiyo kuwa mambo ya mbali, ya wasomi na wakubwa. Lakini miongoni mwayo umo mkutano unaoweza kuamua mambo ya kisiwa tunachokiona kwa macho yetu tukisimama ufukoni Kilwa Masoko. Huo ni mkutano wa Kamati ya Urithi wa Dunia, iliyo chini ya UNESCO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni. Mkutano wake wa 47 ulifanyika Paris mwezi Julai 2025, na hapo ikaamuliwa kwamba ule wa 48 ufanyike Busan, Korea ya Kusini, Julai 2026. Baada ya huo utafuata mwingine, na mwingine tena.

Katika waraka huu tunataka kusema neno moja. Mtu yeyote aendaye mkutanoni kusema kwa jina la Kilwa, hana budi kupitia kwanza Kilwa. Na akisharudi, aje Kilwa kutoa habari.

1. Kilwa iliamuliwa wapi?

Mkataba wa Urithi wa Dunia ulipitishwa Paris mwaka 1972, na Tanzania ikajiunga nao mwaka 1977. Mwaka 1981 Kamati ilikutana Sydney, Australia, na huko magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yakaandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 Kamati ilikutana Suzhou, China, ikayaingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanaula ufuko, mvua na mizizi ya miti ilikuwa inabomoa kuta, na matunzo yalikuwa hafifu. Mwaka 2014 ilikutana Doha, Qatar, ikayaondoa katika orodha hiyo ya hatari. Katika mkutano huo huo wa Doha Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake imo katika mkoa wetu wa Lindi, liliingizwa hatarini kwa sababu ya ujangili.

Sydney, Suzhou, Doha: miji mitatu, maamuzi matatu, kisiwa kimoja. Hatusemi kwamba maamuzi hayo yalikuwa mabaya. Kinyume chake, kule kuandikwa hatarini mwaka 2004 hakukuwa adhabu, bali kilio kilichosikika. Wahisani na mafundi walikuja, mikoko ikapandwa, vizuizi vya mawe vikajengwa kukinga mawimbi, na kuta zikatengenezwa. Hata hivyo tunauliza: ni wavuvi wangapi, ni akina mama wangapi walimao mashamba yao kati ya magofu yale, waliojua siku ile kwamba kisiwa chao kilikuwa kinazungumzwa? Na ni wangapi waliosomewa kilichoamuliwa?

Swali hili si la heshima tu, ni la riziki pia. Kilwa Kisiwani si jumba la makumbusho lisilokaliwa na mtu. Ni makao ya watu. Mpaka wa hifadhi unapochorwa katika ramani, mstari ule ndio utakaosema ni wapi mtu aweza kujenga nyumba, kuchimba kisima, kulima au kupandisha mashua yake. Ada za wageni zinapopangwa, ndipo inapoamuliwa nani atafaidi na nani atabaki kuwa mtazamaji. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

2. Historia inatufundisha nini?

Kilwa haikuanza leo kukutanisha mataifa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika mwaka 1331 akaukuta mji mzuri, na sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, akimsifiwa kwa ukarimu. Dhahabu ilitoka bara kupitia Sofala. Vyombo vya udongo vilitoka China na Uajemi. Sarafu iliyofuliwa Kilwa imeokotwa Zimbabwe Kuu. Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa, vilivyojengwa kwa matumbawe na chokaa, ni ushahidi kwamba watu wa lugha na desturi mbalimbali waliweza kukaa, kufanya biashara na kuelewana mahali hapa.

Lakini Kilwa imeona pia upande wa pili. Mwaka 1505 merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilikuja, na mji ukaporwa. Waliokuja walikuwa wanabeba msalaba. Sisi Wakristo tunaoishi pwani hii pamoja na ndugu zetu Waislamu tunapaswa kuijua habari hiyo kila tunapozungumza juu ya kuheshimiana kwa tamaduni.

Mwaka 1776 ulifanyika mkataba mwingine Kilwa. Mfaransa mmoja mfanyabiashara, jina lake Morice, alipatana na sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Mkataba ule ulikuwa na pande mbili, nazo zote mbili ziliridhika. Upande wa tatu, yaani wale 1,000 wa kila mwaka, haukuulizwa neno. Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, wakubwa wa Ulaya walipanga taratibu za kujitwalia nchi za Afrika bila Mwafrika hata mmoja kuwakilisha nchi yake mezani.

Hatulinganishi Kamati ya Urithi wa Dunia na biashara ya watumwa. Hilo lingekuwa dhuluma. Tunachosema ni kwamba mapatano hayawi ya haki kwa kuwa yameandikwa vizuri na kutiwa sahihi na wenye mamlaka. Tuna wajibu wa kuuliza daima: anayeguswa na maneno haya, je, alikuwapo? Je, alisikilizwa?

3. Sheria yenyewe inasemaje?

Hatuombi fadhili. Mkataba wa 1972, katika kifungu chake cha 5, unazitaka nchi zijitahidi kuupa urithi nafasi katika maisha ya jamii. Mwaka 2007 Kamati ilipokutana Christchurch, New Zealand, iliongeza jamii za wenyeji katika malengo yake makuu. Kwa hiyo wanaotaka wenyeji wasikilizwe hawaendi kinyume cha sheria ya mataifa, bali wanaitaka itimizwe.

Tena upo muda wa kufanya hivyo. Kwa mujibu wa kanuni za Kamati, nyaraka za mkutano hutolewa wiki 6 kabla ya kikao. Wiki 6 zinatosha kuvuka na mashua, kukaa na wazee kivulini, kusoma, kuuliza na kujibiwa. Aidha, mwongozo wa utekelezaji wa Mkataba, katika aya yake ya 172, unazitaka nchi ziiarifu Kamati mapema juu ya ujenzi mkubwa unaoweza kuugusa urithi, kabla ya kufanya maamuzi yasiyorudishika kwa urahisi. Ikiwa Paris yastahili kuarifiwa mapema, itakuwaje anayeishi ng'ambo ya mlango wa bahari aarifiwe mwisho? Mwezi Septemba 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Hatuupingi ujenzi wa namna hiyo, maana vijana wetu wanahitaji kazi na wavuvi wanahitaji soko. Tunasema tu kwamba penye jambo kubwa kama hilo, maendeleo na urithi vizungumzwe pamoja, mbele ya wale watakaoishi navyo.

4. Hoja za wenye mashaka

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kitaalamu, na mvuvi hawezi kuyaelewa. Tunajibu kwamba mvuvi anaufahamu mkondo wa maji unaoula ufuko wa Gereza kuliko mtaalamu anayekuja kwa siku tatu. Fundi wa chokaa wa kisiwani anajua ni chokaa ipi hushika na ipi huanguka mvua zikija. Utaalamu ni wa namna nyingi, na elimu ya kitabuni hukamilika inapokutana na elimu ya mahali.

Wengine watasema kwamba haiwezekani kukisafirisha kisiwa kizima hadi Busan. Ni kweli, na hakuna aliyeomba hivyo. Tunaloomba ni safari fupi zaidi, ile ya kutoka Masoko hadi Kisiwani, mara mbili: kabla ya mkutano na baada ya mkutano.

Wengine tena watasema kwamba nyaraka zimo katika lugha za kigeni. Hapo wamegusa penyewe. Lugha za kazi za Kamati hiyo ni Kiingereza na Kifaransa. Lakini mwaka 2021 UNESCO hiyo hiyo iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Heshima hiyo ni kubwa, nasi tunaishukuru. Lakini lugha haiheshimiwi kwa ngoma na hotuba za siku moja. Huheshimiwa pale ambapo uamuzi unaomhusu Mswahili unaandikwa kwa lugha anayoielewa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliobandikwa penye gati la Kisiwani, utakuwa na maana kuliko sherehe nyingi.

5. Tufanye nini?

Wanakanisa wana mfano mzuri. Ulipozuka ubishi kati ya waamini wa Antiokia kuhusu desturi za Wayahudi na za mataifa, waliwatuma Paulo na Barnaba kwenda Yerusalemu. Mkutano ulifanyika, watu wakabishana, uamuzi ukaandikwa. Halafu wajumbe walirudi Antiokia, wakakusanya jumuiya nzima na kuikabidhi barua, nayo ikasomwa mbele ya wote. Mkutano ule uliwahusu watu wa tamaduni mbili, na haukukamilika Yerusalemu, bali ulikamilika pale barua iliposomwa Antiokia.

Basi tunapendekeza mambo manne:

(a) Jumuiya ndogondogo na halmashauri za walei katika maeneo ya Kilwa zikae pamoja na mashehe, maimamu na wazee wa Kisiwani na Songo Mnara. Urithi huu kwa sehemu kubwa ni wa mababu Waislamu, kwa hiyo sisi twende kama majirani wenye kusaidia, si kama wenye kuongoza.

(b) Kwa kupitia viongozi wao wa serikali za mitaa na diwani wao, wakazi waombe kwa barua kwamba taarifa yoyote ya nchi juu ya Kilwa isomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa wakazi kabla haijapelekwa, na maoni yao yaambatishwe.

(c) Kila uamuzi wa Kamati unaohusu Kilwa urudi na kusomwa kisiwani kwa Kiswahili, na hesabu ya fedha zilizopatikana kwa jina la magofu isomwe pamoja nao.

(d) Walimu, makatekista na vijana waliosoma wajitolee kutafsiri. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu, karatasi na moyo.

Ndugu wapendwa, haki haianzi ukumbini wala haiishii ukumbini. Sheria za mataifa ni chombo chema, lakini chombo kisicho na abiria wake hakijui kinakwenda wapi. Tusiichukie mikutano ya dunia, wala tusiistaajabie. Tuitake iwajibike. Mwaka huu na miaka ijayo, kila tutakaposikia kwamba wakubwa wanakwenda kuzungumza habari za Kilwa, tuwaulize kwa adabu na bila woga: Je, mmepitia Kilwa?