Mashine ya sebuleni isitupwe kwa sababu ya tarehe

MAONI YA WIKI
Na Nyambura Kariuki

Kuna swali ambalo wasomaji wa Ruiru na Thika wamekuwa wakiniuliza mfululizo tangu Oktoba 14, 2025. Kompyuta waliyoiunganisha na runinga sebuleni inatumia Windows 10. Je, waihamishie Windows 11, waiache ilivyo, au wajikaze wanunue nyingine? Siku hiyo ndiyo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo huo uliozinduliwa Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika. Sinema bado zinacheza na sauti bado inatoka. Kilichokoma ni ukarabati: dosari itakayogunduliwa katika mfumo huo baada ya siku hiyo haitazibwa kwenye mashine iliyoachwa vivi hivi, na wezi wa mtandaoni wanalijua hilo.

Jibu langu ni kwamba hakuna haja ya kununua mashine mpya kwa sababu ya tarehe iliyopangwa Marekani. Kinachofaa kuamua ni kazi ambayo mashine hiyo inafanya nyumbani mwako, na hasa kama pesa zako na maneno yako ya siri hupitia humo.

Tangu Barabara Kuu ya Thika ipanuliwe na kufunguliwa rasmi Novemba 2012, nyumba za kupangisha zimezidi kuota pande zote mbili, kutoka Kimbo hadi Juja na Makongeni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Katika nyumba hizo kompyuta ya sebuleni aghalabu ni ya mtumba, zile tunazoziita ex-UK. Iliwahi kukaa chini ya meza ya ofisi ughaibuni, ikauzwa, ikafika kwa muuzaji wa hapa, na leo imewekwa kando ya runinga kwa waya wa HDMI. Usiku ni ya sinema na mpira. Mchana mwanafunzi wa chuo anaandikia kazi zake humo. Juni ikikaribia kwisha, mzazi anafungua iTax humo humo awasilishe ritani zake KRA. Mashine moja ina kazi tatu, na hapo ndipo penye hatari.

Wengi wanaogopa kwa sababu wanakumbuka 2015. Februari mwaka huo mitambo ya runinga ya analojia ilizimwa, na vituo vikubwa vikiwemo Citizen, NTV na KTN vikatoweka hewani kwa siku 19 huku mvutano na Mamlaka ya Mawasiliano ukiendelea. Mwishowe kila familia iliyotaka kutazama habari ilibidi inunue king'amuzi au runinga mpya. Wakati ule hatukuwa na hiari, kwani mawimbi yenyewe yaliondolewa. Safari hii hiari ipo. Muuzaji anayekwambia kwamba Windows 10 “imezimwa” kama analojia ilivyozimwa anakuuzia hofu.

Kabla ya uamuzi wowote, soma kibandiko kilicho mbele ya mashine, au fungua mipangilio uangalie jina la prosesa. Prosesa ya Intel hutaja kizazi chake kwa tarakimu za mwanzo: i5-4570 ni ya kizazi cha 4, i5-6500 ni ya kizazi cha 6, i5-8500 ni ya kizazi cha 8. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, kwa jumla inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Inataka pia kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski. Kwa hiyo Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4 zinapita. Dell OptiPlex 3020 na HP EliteDesk 800 G1, ambazo zimejaa katika sebule zetu, hazipiti.

Kama yako inapita, ihamishe. Hailipishwi, na hakuna sababu ya maana ya kusubiri. Ukiambiwa TPM haipo ilhali prosesa ni ya kizazi cha 8, mwambie fundi aingie BIOS akaangalie kama imezimwa. Kwenye mashine za Intel mara nyingi huitwa PTT, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Nakili kwanza picha za familia na stakabadhi kwenye diski ya nje. Chagua pia wakati ambao stima imetulia, maana umeme ukipotea katikati ya usakinishaji, mfumo unaweza kuharibika usiwake tena.

Kama haipiti, usikate tamaa, na usikubali haraka pendekezo la fundi la kukwepa ukaguzi na kusakinisha Windows 11 kwa nguvu. Jambo hilo linawezekana, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuihudumia mashine ya namna hiyo, na matoleo mapya ya kila mwaka hayaletwi yenyewe. Utakuwa umetoka kwenye mfumo usiolindwa ukaingia kwenye mwingine ambao ulinzi wake hauna dhamana.

Njia ya kwanza iliyo halali ni kujisajili kwa masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10, yanayofikia Oktoba 13, 2026. Mlango wa kujisajili uko kwenye ukurasa wa masasisho ndani ya mipangilio. Unahitaji akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi chochote, na usipotaka, malipo ni dola 30, yaani karibu Sh3,900. Kwa familia inayotumia mashine moja kwa kila kitu, hii ndiyo hatua ya kuchukua leo, kisha mtafakari mengine mkiwa mmetulia.

Njia ya pili ni Linux, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mashine za kizazi cha 4 hadi cha 7. Linux Mint ni bure, inafanana vya kutosha na Windows kiasi kwamba mzee wa nyumba hatapotea, na toleo lake la 22 litapata masasisho hadi 2029. Kizuri zaidi, unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Unaona kama sauti inafika kwenye runinga, kama Wi-Fi inashika, kama kibodi isiyo na waya inafanya kazi, ndipo unaamua. Kwa sebule ambayo haitaki chochote ila sinema, muziki na picha, kuna LibreELEC, mfumo mwepesi unaowaka moja kwa moja ndani ya programu ya Kodi. Maandishi yake ni makubwa, yanasomeka ukiwa umeketi kwenye kochi.

Linux ina upungufu wake pia. Netflix kwenye kivinjari cha Linux kwa kawaida haitoi picha ya ubora wa juu kabisa, kwa sababu ya masharti ya kulinda hakimiliki. Michezo kadhaa ya kompyuta haikubali. Programu za ofisi za Microsoft hazisakinishwi humo kama zilivyozoeleka. Orodhesha kwanza mnachotumia nyumbani, kisha mhame. Waliokuwa na Windows 7 wanakumbuka Windows Media Center, programu iliyogeuza kompyuta kuwa runinga kamili yenye rimoti na kurekodi vipindi. Waliohamia Windows 10 mwaka 2015 waliipoteza, kwani mfumo mpya uliiondoa. Mfumo mpya huleta mambo, na mengine huyachukua. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na ushauri huo unafaa hapa: jua kwanza mbacha wako unakupa nini.

Pia usitarajie mfumo mpya utibu ugonjwa usiokuwa wake. Wengi huniambia wanataka Windows 11 kwa sababu sinema zinakwamakwama. Sinema nyingi siku hizi hubanwa kwa mtindo wa HEVC ili faili iwe ndogo. Prosesa za Intel za kizazi cha 4 hazina sehemu maalumu ya kuufungua mtindo huo, kwa hiyo prosesa hulazimika kufanya kazi yote yenyewe, na picha ya 4K huishinda. Hakuna mfumo utakaobadilisha hilo. Dawa ni kutafuta sinema hiyo hiyo katika ubora wa 1080p, au kuweka kadi ndogo ya picha. Na kama kinachokuudhi ni kompyuta kuchelewa kuwaka, badilisha diski ya zamani uweke SSD. Utaona tofauti kubwa kuliko ile ambayo mfumo wowote mpya ungekupa.

Sasa nirudi kwenye hatari, kwa sababu namna tunavyopata sinema ina hatari zake. Karibu na kila steji kuna duka la muvi. Unapeleka flashi, unachagua filamu za DJ Afro au msururu mpya wa Kikorea, unajaziwa kwa shilingi chache, unarudi nyumbani. Kompyuta ya duka hilo imeingizwa flashi za mtaa mzima siku hiyo. Wengi wetu tumewahi kufungua flashi tukakuta kila folda imegeuka njia ya mkato yenye kishale kidogo pembeni. Hicho ni kirusi, na ukibofya kishale hicho umekifungulia mlango. Ingia kwenye mipangilio ya folda uruhusu mwisho wa majina ya faili uonekane. Sinema ya kweli huishia kwa mp4, mkv au avi. Ikiishia kwa exe au lnk, ifute bila kuifungua.

Anayedhani kwamba haya ni maneno ya kutisha watu akumbuke kirusi cha WannaCry. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba dosari moja ya Windows. Miezi miwili baadaye kirusi hicho kilipita katika dosari hiyo hiyo, kikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha upasuaji. Nyingi ya mashine zilizoumia ni zile ambazo hazikuwa zimesasishwa.

Kwa hiyo kama umeamua kubaki na Windows 10 isiyopata masasisho, baki nayo kwa masharti. Iwe mashine ya sinema tu. Ondoa maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Usiifungulie benki, iTax wala eCitizen. Hayo yafanye kwenye simu inayopata masasisho. Ikiwezekana isiwe na intaneti kabisa, maana sinema za flashi haziihitaji. Mashine isiyobeba siri haina kubwa la kuibiwa, na familia inayotenganisha burudani na pesa imepunguza sehemu kubwa ya hatari bila kutoa senti.

Ninasisitiza haya kwa sababu gharama ya kutupa ni kubwa na tutaibeba sisi. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta milioni 240 duniani huenda zikageuka taka kwa sababu ya mwisho wa Windows 10. Umoja wa Mataifa nao ulihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ofisi za Ulaya zikiondoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7, nyingi zitatafuta wanunuzi huku kwetu. Ni mashine nzuri kwa mwenye kujua anachonunua. Muuzaji wa Thika au Ruiru anapaswa kumwambia mteja waziwazi kizazi cha prosesa na kama Windows 11 itakubali. Mteja naye aulize kabla ya kulipa. Mashine ikifika mwisho wake kweli, iende kwa wanaorejeleza. Isiishie kwenye jaa la mtaa ambapo watoto huchoma nyaya kutafuta shaba.

Nina ombi pia kwa taasisi zetu. Eneo hili lina bahati ya kuwa na JKUAT pale Juja, Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika na chuo cha kiufundi cha Thika. Wanafunzi wa kompyuta wanaohitaji mazoezi wamejaa, na nyumba zinazohitaji msaada ni maelfu. Ulaya na kwingineko, watu wa kujitolea chini ya kampeni ya End of 10 wanawasaidia majirani kuhamia Linux ili mashine nzima zisitupwe. Vyuo vyetu vinaweza kutenga Jumamosi moja kila mwezi: mwananchi alete kompyuta yake, mwanafunzi asome prosesa, anakili faili, asakinishe mfumo unaofaa, mhadhiri akisimamia. Kaunti ya Kiambu itoe ukumbi na umeme. Gharama ni ndogo mno ikilinganishwa na pesa ambazo familia hizo zingetumia kununua mashine ambazo hazikuhitajika.

Wikendi hii, basi, soma namba ya prosesa. Kizazi cha 8 kwenda juu, hamia Windows 11. Chini ya hapo, jisajili kwa masasisho ya ziada sasa, kisha jaribu Linux Mint kutoka kwenye flashi kabla ya Oktoba 2026. Usipotaka lolote kati ya hayo, ondoa pesa na siri zako kwenye mashine hiyo leo. Pesa za kununua kompyuta mpya zina kazi nyingine nyumbani.