Kujuana Hakumpi Kazi Askari Mstaafu

Hakuna nasaha inayotolewa kwa wepesi kwa askari aliyevua gwanda kama hii: "Jitahidi ujuane na watu." Anaambiwa kwenye semina, anaambiwa harusini, anaambiwa na shemeji anayemnunulia chai. Atafute namba ya afande wake wa zamani. Aingie kwenye makundi ya WhatsApp ya wastaafu. Avae suti, ahudhurie mikutano, agawe namba. Kazi siku hizi ni kujuana, wanasema, na aliyekosa kazi amekosa watu.

Mimi nasema imani hiyo si kweli, na kwetu huku mpakani ni imani ya hatari.

Chukua Mbugangari, mtaa wetu wa Gisenyi, Rwanda, ulio jirani na Petite Barrière, kivuko cha mpaka ambacho kabla ya korona kilivukwa na makumi ya maelfu ya watu kila siku kwenda na kurudi Goma, upande wa Kongo. Rwanda iliunda tume ya kuwaondoa askari jeshini na kuwarejesha uraiani mwaka 1997. Tangu hapo makumi ya maelfu wamepitia mikononi mwake: waliokuwa wa jeshi la RPA, waliokuwa wa jeshi la zamani la FAR, na waliorudi kutoka misitu ya Kongo, ambao kwanza hukaa kituo cha Mutobo, Musanze, wakifundishwa maisha ya kiraia. Wademobe, kama wanavyoitwa, si wageni katika mji huu. Ni majirani.

Na majirani hawa hawana uhaba wa watu. Mtu aliyelala handaki moja na wenzake, akabebwa mgongoni alipopigwa risasi, anajuana nao kuliko karani wa benki anavyojuana na karani mwenzake. Akipiga simu moja jioni, asubuhi kombania nzima ina habari. Tatizo ni kwamba wale anaowajua wamesimama palepale aliposimama yeye. Mmoja analinda duka la dawa, wa pili analinda hoteli kando ya ziwa, wa tatu anasubiri aitwe. Waulize nafasi iko wapi, wote watatu watakutajia kampuni za ulinzi zilezile.

Nilimkuta mlinzi mmoja wa namna hiyo getini, koti la kampuni limempwaya mabegani, daftari la wageni limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza lisiibwe. Jeshini alikuwa fundi wa magari kwa zaidi ya miaka kumi. Gari la mgeni mmoja liligoma kuwaka mbele ya geti lile. Akaegemeza kirungu ukutani, akainua boneti, akasugua vichwa vya betri kwa kipande cha msasa alichokitoa mfukoni, akamwambia dereva ajaribu. Likawaka. Mgeni akampa noti ya elfu moja, akamshukuru, akaondoka. Siku ile fundi wetu alijuana na mtu mwenye gari, tena mwenye fedha zake. Hakikubadilika kitu, kwa sababu hakuwa na karatasi hata moja inayosema yeye ni fundi.

Wahubiri wa kujuana hupenda kumtaja Mark Granovetter, msomi wa Marekani aliyeandika mwaka 1973 kwamba watu hupata kazi kupitia wale wanaowafahamu kwa mbali kuliko marafiki wa karibu. Wamsome vizuri. Kati ya watu aliowachunguza waliopata kazi kupitia mtu fulani, ni kama 17 tu katika kila 100 waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Tena wengi walikuwa wamefahamiana kazini. Yaani aliyewataja kwa mwajiri alikuwa amewaona wakifanya kazi. Kujuana huko kulikuwa tunda la kazi, na sisi tunamwambia mstaafu alipande kama mbegu.

Kuna jambo la pili ambalo wahubiri hao hawalisemi: kujuana hakufuti cheo. Kanali akistaafu, anaowajua ni mawaziri na wakurugenzi, na nafasi anayotajiwa ni ya bodi. Koplo akistaafu, anaowajua ni makoplo, na nafasi anayotajiwa ni ya geti. Ndivyo ilivyo katika nchi nyingi duniani. Kwa hiyo anayemwambia koplo atumie watu wake anamwambia, bila kujua, abaki koplo hadi kaburini. Na asipopata kitu, lawama ni yake: hakujichanganya, hakutoa fanta kwa mtu wa kumfungulia mlango. Wajibu wa taasisi umegeuzwa kuwa bahati ya mtu, na rushwa imepata jina la heshima.

La tatu ndilo linalonitia hofu zaidi. Katika Maziwa Makuu upo mtandao mmoja wa kazi kwa askari wa zamani usiolala wala kuomba cheti: mtandao wa wanaotafuta watu wa kupigana. Kongo imeanzisha programu moja baada ya nyingine za kuwarudisha wapiganaji uraiani tangu miaka ya 2000, ya karibuni ikiwa P-DDRCS ya mwaka 2021, na mara nyingi waliosalimisha bunduki wamerudi porini. Ahadi za mafunzo zilipochelewa, aliyekuwa bado na namba zao ni kamanda wao wa zamani.

Na si askari wa huku tu wanaonaswa na mtandao huo. Tarehe 29 Januari 2025, siku chache baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, Waromania zaidi ya 280 walivuka mpaka kuingia Gisenyi, wakapandishwa mabasi kupelekwa Kigali ili warudishwe kwao. Wakiwamo askari na polisi wa zamani, walikuwa wameajiriwa kupigana upande wa serikali ya Kongo kwa malipo ambayo askari wa kawaida wa nchi hiyo hawezi kuyaota. Ukitaka kuona kujuana kulikofanya kazi barabara, ndiko huko: mtu anamwambia mwenzake, mwenzake anamwambia mwingine, wote wanapata ajira. Mji wetu uliona ajira hiyo inavyoishia, watu wazima wakipekuliwa mmoja mmoja mbele ya kamera.

Basi nini kinamsimamisha mstaafu kwa miguu yake? Tusikisie, kuna mahali pengine palipochunguzwa. Uganda ilipopunguza jeshi lake kuanzia mwaka 1992, mchumi Paul Collier aliangalia kama wastaafu wangeongeza uhalifu vijijini. Aligundua kwamba wale waliokuwa na ardhi ya kulima hawakuwa tatizo. Hatari ilikuwa kwa wale wasiokuwa nayo. Nchini Sierra Leone, watafiti Macartan Humphreys na Jeremy Weinstein waliwahoji wapiganaji wa zamani zaidi ya 1,000 baada ya vita. Kilichoamua zaidi kama mtu angepokewa na jamii yake ni jinsi kikosi chake kilivyowatendea raia. Huku ni shamba, kule ni mwenendo. Vyote viwili havigawiwi kwenye mkutano wa kupeana namba.

Nitajibiwa kwamba hapa Rwanda kila mtu anamjua fulani aliyepata kazi kwa kuvutwa mkono. Ni kweli, wapo. Lakini mkono mtupu haulambwi. Anayevuta mtu anaweka jina lake rehani, na hawezi kuliweka kwa mtu asiyeweza kumwonyesha lolote. Hata huko kuvutana, ukikutazama kwa makini, kunaanzia kwenye kazi iliyokwisha kuonekana.

Kama ni watu wa kuwafuata, basi Mbugangari inao, ila hawavai suti. Nenda sokoni asubuhi. Mwanamke anayevusha viazi vya Busasamana anajua bei ya Goma kabla jua halijapanda, anajua nani analipa na nani anakimbia, na jina lake limo kwenye daftari la kibina, chama cha kuweka akiba, kwa miaka mingi. Mara nyingi mwanamke huyo ndiye mke wa mstaafu tunayemhurumia. Waangalie pia walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu pale Petite Barrière. Walianza watu wakiwaona kama ombaomba, wakajiunga katika ushirika, wakawa wasafirishaji ambao wafanyabiashara wanawakabidhi mali yao. Hawakufika hapo kwa kugawa namba. Walifika kwa kuvusha mzigo jana na kuuvusha tena leo bila kupungua gunia.

Ninachotaka kibadilike ni hiki. Kabla askari hajakabidhi bunduki, ujuzi wake upimwe na wapimaji wa ufundi wa kiraia, na atoke na cheti ambacho gereji ya Gisenyi au kampuni ya ujenzi ya Kigali itakiheshimu. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya ufundi stadi, VETA, imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani; hakuna sababu fundi aliyejifunzia kambini asipimwe hivyo hivyo katika nchi zetu zote. Leseni ya dereva wa lori la jeshi ibadilishwe iwe ya kiraia kabla hajatoka, asianze upya kama kijana. Fedha za kuanzia zipitie kwenye vyama vya ushirika ambamo wastaafu wamechanganyika na raia, badala ya vyama vya wastaafu watupu wanaoendelea kuitana kwa vyeo. Na zile saa za semina zinazotumika kuwafundisha wazee wa miaka hamsini kupeana mikono, zitumike kuwafundisha kuweka hesabu na kusoma mkataba.

Nawe mwajiri, usimuulize mstaafu anamjua nani. Muulize jeshini alikuwa anafanya kazi gani, mpe kazi hiyo siku tatu kwa malipo, kisha uamue.