Saa Nne za Kunoa Shoka

Kila nikienda mahafali hapa Songea, kuna msemo ninaousubiri kama pilau. Mgeni rasmi akishamaliza kutaja itifaki, atatuambia kwamba Abraham Lincoln angepewa saa sita za kukata mti, nne angezitumia kunoa shoka. Makofi. Hakuna ushahidi kwamba Lincoln aliwahi kusema hivyo, lakini huo si ugomvi wangu. Ugomvi wangu ni kwamba anayetuambia hajawahi kunoa shoka. Angekuwa amelinoa, angejua kuwa shoka linalotunzwa halihitaji zaidi ya dakika chache za tupa. Lisugue saa nne, utarudi nyumbani na mpini.

Shoka la mdomoni tunalipenda. La mkononi tumelifanya adhabu.

Nilisoma shule ya bweni mkoani humu. Ukichelewa mstarini, unapewa kisiki. Waliopita bweni wananielewa: kisiki chako, peke yako, na shoka la shule ambalo kichwa chake kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Rafiki yangu wa kidato cha pili alipewa kisiki cha mkaratusi. Shoka lilikuwa butu, likateleza juu ya mzizi, likamwingia kwenye muundi. Tulimfunga kwa shati la sare. Mwalimu wa zamu alisema kijana hakuwa makini.

Hakuwa makini! Kijana wa miaka 15, aliyekulia nyumba ya gesi Dar es Salaam, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba shoka butu ni la hatari kuliko kali. Kali linauma mti. Butu linateleza na kutafuta nyama. Mpaka leo, baridi ya Juni ikianza, anachechemea.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea, akitaka kazi za mikono ziwe sehemu ya masomo. Shule nyingi zimebakiza kazi, somo zikaliacha.

Mimi nilifundishwa na babu, Lizaboni, nikiwa tayari na shahada. Aibu hiyo naikubali. Nilimpelekea shoka jipya la dukani, lenye mpini uliopakwa rangi nyekundu. Akalitikisa sikioni kama anayenunua nazi.

“Mjukuu wangu, hili litaua mtu.”

Akaleta lake. Lilifuliwa na mhunzi kwa springi ya lori, na lina mkia unaopenya tundu la kichwa cha mpini, kwa hiyo kila pigo linalikaza. La dukani ni kinyume: tundu liko kwenye chuma, mti ndio unaoingia, na kinachoushikilia ni kabari tu. Mvua zikikatika, mpini unakauka na kunywea, kichwa kinalegea. Wengi hulitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limekaza kweli, kwa sababu mti umevimba. Ukikauka tena, linalegea kuliko jana. Babu alichonga kabari mpya ya mti mkavu, akaigongomea.

Kisha tupa. Isukume kwenda mbele tu, inyanyue unapoirudisha, fuata mteremko uleule aliouacha fundi, pande zote mbili sawa. Mwisho jiwe na maji. Usilipeleke kwa kijana mwenye mashine ya kunolea akalisaga mpaka likageuka bluu. Hapo chuma kimeshapoteza ugumu wake. Kuni zisimamishe juu ya gogo, kamwe si juu ya udongo. Panua miguu. Watoto na kuku wawe mbali. Somo zima lilichukua asubuhi moja. Nilisoma miaka 16 na asubuhi hiyo haikupatikana.

Najua jibu litakalokuja: dunia inahamia gesi. Ni kweli, na mimi si mtetezi wa kukata miti. Atakayepanda Matogoro na shoka, kwenye chanzo cha mto Ruvuma, akamatwe. Lakini hata Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kuna wanaobaki. Na jioni ya leo, kabla ya 2034, kuna mama Mjimwema anayepasua kuni kwa shoka linalocheza, huku mwanawe mwenye shahada akiwa ndani anaandika “noa shoka lako” kwenye Instagram.

Mwaka huu nimealikwa mimi kuzungumza kwenye mahafali ya kidato cha nne. Nimekubali kwa sharti moja: shoka la shule liwekwe juu ya meza kuu, pamoja na maua. Tupa nitakuja nayo. Mkuu wa shule bado hajajibu.